Breki za Noah Zilizopotea Marangu Jumamosi, Zikaonekana Moshi Jumatatu

Jumatatu asubuhi fundi alilijaribu lile gari uwanjani gereji, akatoka nalo mpaka barabara kubwa ya Arusha, akarudi, akamkabidhi mwenye gari funguo. "Breki ziko freshi, bosi. Hili gari halina shida."

Hapo ndipo ugomvi ulipoanza. Jioni ya Jumamosi gari hilohilo, Toyota Noah ya zamani yenye injini ya 3S, likiwa na watu wanane na mikungu mitatu ya ndizi nyuma, lilikosa breki kwenye mteremko wa kutoka geti la Marangu, la hifadhi ya Mlima Kilimanjaro, kushuka Marangu Mtoni. Lilisimama kwa kujichomeka kwenye ukingo wa udongo, kwenye migomba ya watu. Taa ya kushoto ilipasuka, bampa likaning'inia, binti mmoja wa miaka tisa akateguka kiganja. Sasa kama breki ni nzima, aliyekosea ni dereva. Na dereva alikuwa mdogo wa mwenye gari, kijana aliyekulia Dar, ambaye saa chache kabla, kule Mwika, alikaribishwa mbege, pombe ya ndizi, kwa shangazi yake na hakukataa.

Niliitwa kwa sababu nafundisha ufundi wa magari, na kwa sababu ni jirani. Sijui kipi kilikuwa na uzito zaidi. Wenyewe wameridhia niandike, mradi majina yao yakae pembeni.

Njia waliyopita

Watu wengi wakiwa na wageni wa kuonyeshwa mlima huwapandisha Marangu moja kwa moja, picha mbili tatu getini, wakashuka kula nyama Himo. Familia hii ilitaka zaidi. Mama mkubwa alikuwa amekuja na wajukuu ambao Kilimanjaro wanaijua kwa lebo za chupa tu, kwa hiyo mwenye gari, ambaye yeye mwenyewe alibaki Moshi kazini, akawapangia njia ya kuzunguka upande wote wa mashariki: Moshi hadi Himo, kunyoosha Holili, kukata kwenda Ziwa Chala, kupanda kwa barabara ya chini hadi Tarakea mpakani na Kenya, halafu kurudi kwa barabara ya juu kupitia Useri, Mkuu na Mwika, na kumalizia getini Marangu.

Ni njia nzuri, naisifu bila kusita. Chala peke yake inatosha kuwa safari: ziwa limekaa ndani ya kreta ya volkano, kuta zake zimesimama wima, mpaka wa nchi mbili unapita katikati ya maji, na huoni mto mkubwa unaoliingizia. Maji yake mengi yanatoka chini kwa chini, ni mvua iliyonyesha mlimani ikazama kwenye miamba. Kuanzia hapo unapanda, joto la nyika linabaki nyuma, na ukishafika barabara ya juu unaingia vihamba: migomba, kahawa chini ya kivuli chake, mifongo, yaani mifereji ya maji, imekatiza pembeni. Rombo nako kuna jambo linalowachanganya wageni kila siku. Mlima unaouona kule si ule wa kwenye picha. Ni Mawenzi, mita 5,149, umechongoka na umemeguka kama jino bovu, na Kibo yenye mita 5,895 imejificha nyuma yake. Wale watoto waligoma kabisa. "Bibi, huu siyo wenyewe."

Mlima wenyewe hawakuuona mchana kutwa, na si bahati mbaya. Asubuhi jua likishapasha nyanda za chini, hewa yenye unyevu inapanda kwenye miteremko, inapoa, inageuka wingu, na wingu linakaa juu ya msitu kuanzia saa nne tano hadi alasiri. Jioni ardhi ikipoa, mara nyingi linafunguka. Mtu wa Marangu anaujua mlima wake kwa nyakati hizo mbili, alfajiri na magharibi. Katikati anaamini tu kwamba upo. Naliweka hili hapa kwa sababu lile wingu lina sehemu yake katika kesi.

Mkuu walikula. Mwika wakamsalimia shangazi, na huko ndiko mikungu ilikopakiwa na mbege ilikonywewa. Getini walifika jioni, wakakaa nje kidogo, wakapiga picha kwenye kibao, wakaanza kushuka. Katikati ya mteremko wingu likafunguka na Kibo ikatoka nzima. Gari zima likapiga kelele: simama, simama. Dereva akasimama pembeni, abiria wote wakashuka na simu zao. Waliporudi ndani na gari kuanza kuteremka tena, kanyagio la breki likazama hadi sakafuni.

Maneno ya waliokuwemo

Dereva alikuja kwangu na kaka yake, akaamkia, akakaa pembeni ya benchi. Alisema hivi, na nimeyaandika karibu neno kwa neno: "Mwalimu, pale juu nilikuwa nakanyaga breki inashika vizuri tu. Tuliposimama ilishika. Tulipoondoka, nakanyaga, hamna kitu. Mguu unazama kama kwenye sponji. Nikapampu, pampu, ikashika kidogo. Nikavuta hendibreki, ikaja mpaka juu, haina kitu. Nikarudisha gia kwenye L, injini ikapiga kelele, nikaona bora udongo kuliko daraja."

Kaka yake alikuwa amenuna. "Mguu ulizama kwa sababu ya mbege."

Shemeji yao, aliyekaa kiti cha mbele na aliyekunywa soda tu kwa shangazi, alisema dereva hakuwa anakimbia na hakushika simu. Akaongeza kitu ambacho hakuona kama kina maana: kabla hawajasimama kulikuwa na harufu ya kuungua. Alidhani watu wanachoma takataka shambani. Mama mkubwa naye aliinusa, akafunga kioo.

Ushahidi ulionifurahisha zaidi uliletwa na yule binti wa kiganja kilichoteguka. Simu ya mama yake ilikuwa na picha zote, na picha za simu zina saa. Ya mwisho getini ilipigwa saa kumi na moja na dakika 52 jioni. Ya kwanza ya Kibo, saa kumi na mbili na dakika mbili. Ya mwisho, dakika ya nane. Kutoka getini hadi pale waliposimama ni kama kilomita nne. Kilomita nne kwa dakika kumi ni wastani wa kilomita 24 kwa saa. Hiyo spidi hata bodaboda iliyobeba kreti za mayai inaipita. Suala la kukimbia likafa palepale mezani.

Gari lilichosema

Nililiinua gari mbele. Kofia za plastiki za rimu za mbele zilikuwa zimelegea kingo na kujikunja kuelekea ndani, ya kushoto kuliko ya kulia. Za nyuma zilikuwa sawa. Diski za mbele zilikuwa na rangi ya samawati iliyotawanyika kama mafuta juu ya maji, rangi ambayo chuma huipata kikipashwa moto mkali kikapoa. Pedi zilibaki zaidi ya nusu ya unene wake, lakini uso umeng'aa na kuwa mgumu kama kioo. Hakuna palipovuja: si kwenye kalipa, kile kibanio kinachosukuma pedi kwenye diski, si kwenye hozi, si kwenye masta silinda, ile pampu kuu ya mafuta ya breki. Busta, inayouongezea mguu nguvu, ilifanya kazi.

Kwa hiyo fundi hakudanganya. Alichokipima kilikuwa kizima. Ila alikipima kikiwa baridi, Moshi mjini, kwenye tambarare.

Nikafungua kikopo cha mafuta ya breki, nikachovya kile kipimo cha kalamu chenye vitaa. Kikawaka nyekundu moja kwa moja: maji yamezidi. Nilimuuliza mwenye gari mara ya mwisho mafuta hayo yalibadilishwa lini. Akanitazama kama mtu niliyemuuliza mara ya mwisho alibadilisha lini hewa ya tairi la akiba. "Huwa wanaongeza," akasema. Nikaenda gereji kuomba kuona chupa wanayoongezea. Ipo kwenye rafu, kifuniko kimekaa upande, na vumbi lake linaonyesha ilifunguliwa siku nyingi.

Hapa ndipo panapohitaji maelezo, kwa sababu madereva wengi hawajawahi kuambiwa. Mafuta ya breki ya kawaida, yale ya daraja la DOT 3 na DOT 4, yana tabia ya kunyonya unyevu kutoka hewani. Yananyonya kupitia mpira wa hozi, kupitia tundu la hewa la kikopo, na yananyonya haraka sana chupa ikiachwa wazi. Hilo limejulikana tangu zamani, ndiyo maana viwango vyake vinatajwa mara mbili. DOT 3 mpya lazima isichemke chini ya nyuzi 205 za Selsiasi. Ikishanyonya maji ya kiasi cha asilimia 3.7, kiwango kinashuka hadi 140. DOT 4 ni 230 ikiwa mpya, 155 ikiwa na maji. Watengenezaji wengi wanataka yabadilishwe kila baada ya miaka miwili hivi, hata kama gari limelala uani.

Mafuta hayabanwi, ndiyo maana ukikanyaga, nguvu ya mguu inafika kwenye pedi. Mvuke unabanwa. Mafuta yakichemka kwenye kalipa, mapovu yanaingia njiani, na mguu wako unayabana mapovu badala ya kusukuma pedi. Hiyo ndiyo sponji ya dereva. Na gari likikaa likapoa, mvuke unarudi kuwa maji, unayeyukia kwenye mafuta, na kanyagio linakuwa gumu kama siku zote. Ukilipeleka gereji keshokutwa, fundi atakuapia kwamba halina tatizo, na atakuwa mkweli.

Joto lilitoka wapi

Swali la kaka mtu lilikuwa la haki: magari mangapi yanashuka Marangu kila siku, yana mafuta ya zamani vilevile, na hayapotezi breki? Nilikaa naye na karatasi.

Noah ile na abiria wake na ndizi zake tuseme ilikuwa na tani mbili. Kwa makadirio yangu ile kilomita nne iliwashusha mita 300 hivi. Uzito huo ukishushwa kimo hicho unatoa nishati ya karibu megajuli sita, na lazima iende mahali. Kwa spidi ile upepo haumezi kitu cha maana, matairi yanameza kidogo, tuseme moja. Zinabaki tano. Megajuli tano zinatosha kuchemsha karibu lita 15 za maji kutoka ubaridi wa bombani. Mwenye gari alikuwa na ndoo ya lita 20 pale uani. Aliitazama kwa muda. Nishati hiyo ama inamezwa na injini kupitia gia, ama inaishia kwenye diski, tena nyingi zaidi kwenye zile mbili za mbele.

Injini ilimeza kidogo sana, kwa sababu gari lilishuka njia yote likiwa D, gia ya kuendea kawaida.

Gari oto likiwekwa D, likaona hujakanyaga mafuta na linateremka, linafikiri unatiririka tu barabarani na linapanda gia. Linakuwa jepesi, linataka kukimbia, na dereva mtiifu anayetaka watoto waone mandhari anabaki na dawa moja tu, breki, dakika kumi mfululizo. Kwenye mpini wa gia wa Noah ile kuna kitufe cha ovadraivu. Ukikibonyeza, taa ya O/D OFF inawaka kwenye dashibodi na gari linakataa gia ya nne. Chini ya D kuna 2, halafu L, gia za chini zaidi. Nilimuuliza kijana kama alivijua. "L naijua, mwalimu, ya kwenye tope. Hicho kitufe nilidhani ni kibovu. Kila nikikigusa taa inawaka, nikakiacha."

Simlaumu sana. Aliyejifunzia gari Dar es Salaam, mteremko mrefu kuliko yote aliowahi kushuka labda ni wa daraja la juu. Wa kwetu wanaojua ni wale wa Hiace za Marangu na Rombo na wenye Fuso za ndizi: hao wanakwambia gia utakayoitumia kupanda, ndiyo ushukie. Wanaushika mlima kwa injini, breki wanaigusa kwenye kona tu. Ukisimama Mtoni jioni utazisikia injini zikinguruma zinaposhuka, na mgeni hudhani wanakanyaga mafuta.

Kuna ubishi wa vijiweni ambao sitaki kuuingia kwa urefu: kama ni bora kukanyaga kidogo mfululizo, au kukanyaga kwa nguvu na kuachia. Mimi nafundisha kukanyaga na kuachia, kwa kuwa dereva anabaki macho na anajua gari linavyoitikia. Lakini joto kwa jumla ni lilelile. Ulilolishusha mita 300 umelishusha mita 300. Kinachobadilisha hesabu ni gia. Na wale wanaoshuka wakiwa fri, yaani bila gia, ili kubana mafuta waache kabisa. Gari la injekta likiwa kwenye gia na hujakanyaga, kompyuta inakata mafuta yasiingie kwenye injini. Likiwa fri, injini inaunguza mafuta ili isizime. Wanapoteza breki na mafuta pamoja.

Ile picha ya Kibo

Bado sijamjibu kaka mtu kikamilifu. Breki zilishika hadi waliposimama. Zilikataa walipoondoka. Kama ni joto, si lilipaswa kupungua katika zile dakika sita za picha?

Hapa ndipo kesi hii inapotofautiana na nyingine nilizoziona, na ndiyo sababu hasa ya kuiandika. Gari likitembea, upepo unapita kwenye diski na kwenye kalipa. Joto la diski ni kali, lakini linapepewa, na mafuta yaliyo nyuma ya pistoni yanabaki na ahueni. Gari likisimama, upepo unakoma. Diski iliyopata moto inakaa pale, imebanwa na pedi kwa sababu dereva ameacha mguu kwenye breki, na joto lake linapenya taratibu kwenye pedi, kwenye pistoni, hadi kwenye mafuta. Diski inapoa, mafuta yanazidi kupata moto. Dakika tano sita ni muda mzuri sana kwa kazi hiyo. Mafuta mapya yangestahimili. Yale ya zamani, ambayo kiwango chake cha kuchemka kilikuwa kimeshashuka karibu na 140, yalichemka wakati abiria wote wako nje ya gari wanautazama mlima.

Shemeji alipoelewa hilo alishika kichwa. Yeye ndiye aliyepiga kelele ya kwanza ya simama.

Kwa nini gari halikuondoka kabisa likaenda kutumbukia darajani? Magari mengi yanayosukumwa na matairi ya nyuma yana njia mbili za mafuta, moja ya mbele na moja ya nyuma, ili moja ikifa nyingine ibaki. Ya mbele ilijaa mvuke; ya nyuma, yenye breki za ngoma, ilikuwa nzima, lakini inaanza kushika pale kanyagio linapokaribia sakafu. Ndiyo ile "ikashika kidogo" ya dereva alipopampu. Ingeshika zaidi kama breki shuu za nyuma, zile zinazokaa ndani ya ngoma, zingekuwa zimekazwa; nilizikuta zimelegea. Hendibreki nayo haina habari na mafuta, inavutwa na kebo, na ndiyo iliyopaswa kuwaokoa. Kebo ilikuwa imenyooka ikawa ndefu, kwa sababu gari oto watu huliweka P, ile ya kuegeshea, na kuisahau hendibreki mwaka mzima. Kilichobaki kufanya kazi ni L, na udongo.

Mimi namhesabia kijana huyu mema mawili: aliivuta L mwishowe, na alichagua ukingo mapema, gari likiwa bado halijashika kasi. Wengi hung'ang'ania usukani wakiomba breki irudi mpaka nafasi ya kuchagua inaisha.

Lakini harufu aliisikia. Wote waliisikia. Harufu kali ya breki iliyoungua si ya majani wala takataka; inaingia puani kama plastiki na nywele pamoja. Ukiisikia kwenye mteremko, rudisha gia chini palepale, O/D OFF, halafu 2, ikibidi L, kwa hatua na kwa spidi ndogo, uache injini ishike gari na diski zipepewe bila kukanyagwa. Ukipata sehemu ya tambarare, hapo simama, na ukisimama, kaa. Nusu saa au zaidi, gari kwenye P na jiwe nyuma ya tairi, mguu mbali na breki. Usimwagie diski maji, zitapinda au kupasuka. Kabla ya kuondoka kanyaga breki gari likiwa bado limesimama. Kanyagio likizama, bado hamjamaliza kutazama mlima. Kosa lao kubwa lilikuwa kusimama kidogo: kwa muda wa kutosha kuchemsha mafuta, na usiotosha kuyapoza.

Na mbege? Siku mbili baadaye sikuwa na namna ya kumpima mtu pombe, na sitasema kwamba dereva aliyebeba watoto alikuwa na ruhusa ya kupokea kata ya mbege, hata ya shangazi. Hakuwa nayo. Ila mbege haiyeyushi kofia za rimu wala haigeuzi diski kuwa za samawati. Kama ilimfanya aipuuze ile harufu, basi soda nayo ilimfanya shemeji aipuuze vilevile.

Walivyogawana

Tuliyatoa mafuta yote ya breki, tukasafisha njia, tukaweka DOT 4 kutoka chupa iliyofunguliwa mbele ya mwenye gari, tukatoa hewa kwenye njia za breki za magurudumu yote. Pedi za mbele zikabadilishwa, shuu zikakazwa, kebo ya hendibreki ikawekwa mpya. Halafu nikapanda nalo hadi getini, mwenye gari kando yangu, tukashuka kwa 2 hadi Mtoni. Injini ilinguruma, akashika mlango, akaniuliza mara mbili kama haitapasuka. Haikupasuka, mshale wa mzunguko wa injini haukukaribia hata eneo jekundu. Pale Mtoni nilimwambia aweke kiganja karibu na rimu ya mbele. Aliweka, akakiacha.

Fundi wake hakukubali kirahisi. "Mimi nilipima breki, sikupima mlima," alisema, na sikuwa na la kumjibu. Ile chupa ya kwenye rafu aliitupa, nilimwona.

Gharama waliigawa nyumbani, mbele ya mama mkubwa. Mafuta, pedi, kebo na shuu alilipa mwenye gari, kwa kuwa ni matunzo aliyoyaacha mwenyewe. Taa na bampa vikawa vya dereva nusu na kaka yake nusu. Mwenye migomba ile alilipwa siku ileile ya Jumamosi, kwa mkungu mmoja kati ya mitatu na pole ya maneno. Kuhusu mbege, kaka bado ana lake moyoni, lakini hilo si kazi niliyoitiwa.